Ndege ya kujitengenezea Nyanda za Juu Kusini: piga hesabu ya hewa kwanza

Ukifungua michoro ya ndege yoyote ya kujitengenezea, namba zote za mbele ni za usawa wa bahari na nyuzi joto 15. Huku kwetu hali hiyo haipo. Songwe iko kama futi 4,400 juu ya usawa wa bahari, Nduli ya Iringa karibu futi 4,700, na ukanda wa chai wa Mufindi uko juu zaidi ya hapo. Kwa hiyo kabla hujaulizia injini, kabla hujajua bei ya plaiwudi, kaa chini na kalamu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kila futi 1,000 ukipanda, joto la kawaida linashuka nyuzi 2, hivyo kwa futi 4,400 kawaida ni nyuzi 6. Mchana wa Oktoba pale Songwe ukisoma nyuzi 28, umezidi kwa 22. Kila nyuzi iliyozidi ni sawa na futi 120 za mwinuko, hivyo zidisha 22 kwa 120 upate 2,640, jumlisha na 4,400. Ndege inajiona iko futi 7,000 na magurudumu bado yako chini. Kwa kimo hicho hewa ina kama asilimia 81 ya uzito wake wa pwani, na injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa ndani) inatoa asilimia 78 hivi ya nguvu zake. Injini ya Rotax 912 ya nguvu farasi 80 inabaki na 63. Bei uliyolipa ni ya 80.

Umbali wa kuruka ndio unaoumia zaidi. Mamlaka ya anga ya Uingereza ina kanuni rahisi kwa ndege ndogo: ongeza asilimia 10 kwa kila futi 1,000 za mwinuko, asilimia 10 kwa kila nyuzi 10 za joto lililozidi, asilimia 20 kwa nyasi fupi kavu na 30 zikiwa na maji, asilimia 10 kwa mpando wa asilimia 2. Uzito ukizidi kwa asilimia 10, umbali unaongezeka asilimia 20. Hivi vyote vinazidishwa kimoja juu ya kingine, havijumlishwi, na hapo ndipo wengi wanapojidanganya. Ndege inayohitaji mita 300 pwani mpaka kufika kimo cha futi 50, Songwe mchana ule inataka kama 560. Kiwanja cha nyasi kavu chenye mwinuko na joto hilohilo, 675. Weka akiba ya theluthi moja, umefika mita 900. Kama kiwanja ulichofikiria kina mita 600 na milingoti mwishoni, chagua ndege nyingine sasa, michoro ikiwa bado kwenye karatasi.

Mimi ningetafuta mchoro wenye bawa kubwa, lisilobeba zaidi ya kilo 38 kwa mita ya mraba. Kilo 450 juu ya mita za mraba 12 ziko hapo. Mabawa mafupi ya mbio yanapendeza pichani, lakini ni ya watu wa pwani. Na michoro hiyo ipeleke Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, kabla ya kukata ubao wa kwanza. Kusubiri mpaka ndege imeshapakwa rangi ndipo uulize namba ya 5H, yaani ya usajili wa Tanzania, ni kujitafutia maumivu, kwa sababu ukaguzi wa ndani ya bawa hauwezekani bawa likishafungwa.

Sasa mbao, swali ambalo kila fundi wa Mafinga analiuliza: tumezungukwa na misindano ya Sao Hill, kwa nini tuagize spruce, mbao inayozoeleka kwenye ndege, kutoka nje? Jibu langu ni kwamba kwa meza ya kuungia, kalibu za mbavu na vishikizo vyote, tumia ya hapahapa bila wasiwasi. Kwa mhimili wa bawa, ule ubao mrefu unaobeba bawa zima, karibu kila ubao utakaoushika dukani utaukataa, na sababu unaweza kuiona kwa macho. Kanuni ya spruce ya ndege inataka angalau pete 6 za ukuaji ndani ya inchi moja, na nyuzinyuzi za mbao zisikengeuke zaidi ya sentimita 1 kwa kila sentimita 15 za urefu. Msindano wetu unakua haraka. Pete mbili au tatu kwa inchi ni kawaida. Mashamba ya watu binafsi huvunwa mapema, kwa hiyo sehemu kubwa ya gogo ni mbao changa ya karibu na kiini, nyepesi na dhaifu. Halafu kuna miti iliyokulia mteremkoni ikainama. Upande wake wa chini unatengeneza mbao nzito, yenye rangi nyeusi kidogo, ambayo ukiishika unadhani ndiyo imara. Hiyo ndiyo mbaya kuliko zote: inajikunja ikikauka na inakatika ghafla.

Ukipata ubao unaokuvutia, pima, usibishane na muuzaji. Kata vipande vya milimita 20 kwa 20 kwa 300, visivyo na kifundo. Kimoja kina sentimita za ujazo 120, kwa hiyo spruce nzuri itasoma gramu 50 hivi kwenye mizani ya jikoni. Kiweke juu ya nguzo mbili zilizoachana milimita 280, ning'iniza pipa katikati na ongeza mchanga taratibu. Spruce nzuri inabeba kilo 130 hivi kabla ya kuvunjika, kwa hiyo andaa pipa la chuma na kamba ya uhakika, na miguu ikae mbali. Tazama na namna kilivyovunjika: mbao nzuri inapasuka kwa vibanzi virefu, mbaya inakatika mkato mmoja kama karoti. Vunja angalau vipande vitano kutoka ncha zote mbili za ubao. Kimoja kikikatika kama karoti, ubao wote uende kwenye meza.

Unyevu upime kwa oveni. Kipande cha gramu 46 kikikaushwa kwa nyuzi 103 mpaka kisipungue tena kikabaki 41, kimepoteza 5. Gawa kwa 41, unyevu ni asilimia 12. Hapo ndipo pa kuungia. Mbao iliyopasuliwa Februari Mufindi na kuletwa Mbeya mjini itaendelea kunywea mpaka Agosti, na kiungo ulichokibana mapema kitanywea nayo.

Gundi nayo ina tabia zake huku. Epoksi nyingi zinataka nyuzi 15 na kuendelea, na usiku wa Julai Iringa au Makete uko chini sana ya hapo. Gundi haiharibiki, ila inakaa ubichi, na ukiondoa klempu asubuhi kiungo kinateleza kidogo bila wewe kuona. Tengeneza sanduku la blanketi juu ya mhimili, weka balbu mbili za wati 60 za zamani, zile zinazotoa joto, mbali na kitambaa, na kipimajoto ndani. Weka chupa za gundi humo pia kabla ya kuchanganya. Changanya kwa mizani, si kwa macho. Usibane mpaka gundi yote ikatoka: epoksi inataka utando mwembamba ubaki katikati, tofauti na gundi nyeupe ya fanicha.

Ubaya mwingine ni utando wa juu. Baridi ikikutana na unyevunyevu, juu ya epoksi iliyokauka unatokea utando unaoteleza kama nta. Ukipaka safu nyingine juu yake, haishiki. Usianze na msasa, utausambaza tu. Osha kwa maji ya vuguvugu, futa kwa kitambaa kikavu, ndipo upige msasa. Na kila mchanganyiko unaotumia, unganisha vipande viwili vya mabaki ya mbao, andika tarehe na kazi uliyofanya nao. Kesho yake vivunje kwa nyundo. Mbao ipasuke, gundi ibaki nzima. Gundi ikiachia, unajua ni kiungo kipi cha kubomoa. Maungio ya mshazari ya mhimili yawe na mlalo wa 1 kwa 12. Na toboa matundu ya kutolea maji sehemu ya chini ya kila chumba cha bawa. Masika ya Rungwe hayasamehe.

Boliti za duka la vifaa usizitie kwenye bawa, mkia wala usukani, hata zikiwa na maandishi kichwani. Nunua za AN, yaani za kiwango cha ndege, zenye karatasi zake. Waya wa usukani wa inchi 1/8 unabanwa mara tatu kwa kila kijibomba cha shaba kinachofunga kitanzi chake, na kila mbano upimwe kwa geji yake. Nati zenye plastiki ndani zisikaribie ekzosi.

Mafuta yanastahili siku nzima. Kama tenki liko juu na mafuta yanashuka yenyewe, mtiririko uwe mara moja na nusu ya matumizi ya kuruka. Kwa pampu, asilimia 125. Rotax ya farasi 80 inakunywa lita 24 kwa saa ikiwa wazi kabisa, hivyo mtiririko wa kushuka wenyewe uwe lita 36 kwa saa, sawa na mililita 600 kwa dakika. Inua pua ya ndege mpaka pembe ya kupanda, acha mafuta kidogo tu tenkini, chomoa bomba kwenye kabureta, pima kwa chupa na saa. Wanaopima ndege ikiwa imekaa tambarare na tenki limejaa wanapata namba nzuri isiyo na maana.

Huku juu petroli inachemka mapema zaidi kwa sababu mgandamizo wa hewa ni mdogo. Bomba likipita karibu na ekzosi, mvuke unaziba njia wakati injini imesimama kidogo baada ya kutua na unataka kuruka tena. Lifunike kwa ala ya kuzuia moto na usikose kuweka bomba la kurudisha mafuta tenkini. Upande wa pili ni barafu ya kabureta: nyuzi 12 na ukungu wa Mufindi, ukipunguza gesi kushuka, ndiyo hali yake hasa. Weka kipasha joto hata kama muuzaji anasema si lazima.

Propela ipime kwenye kiwanja utakachotumia. Pembe iliyowekwa pwani inaweza kuiacha injini ikilemewa hapa. Unataka ifike mizunguko 5,500 hivi kwa dakika ikipanda, na isipite 5,800, ambayo nayo ni ya dakika 5 tu.

Kuruka kwenyewe ni alfajiri, nyuzi joto zikiwa chini na upepo umelala. Kipima mwendo kitasoma ileile namba ya stoli (mwendo ambao chini yake bawa linaacha kubeba) kama pwani, lakini ardhi itakimbia zaidi, kwa asilimia 11 kwenye hewa ya mchana ule wa nyuzi 28. Rubani aliyejifunzia Dar es Salaam anaona nje kunakimbia, anavuta usukani mapema, ndege inaning'inia juu ya nyasi na kukataa kupanda. Soma kipimo, usisome majani. Weka kibao katikati ya njia ya kurukia: ukifika hapo hujafikisha asilimia 70 ya mwendo wa kunyanyuka, punguza gesi na usimame.

Na majira ya kiangazi upepo wa kusini-mashariki unavuka safu za Uporoto na Kipengere na kuporomoka upande wa Usangu. Hewa inayoshuka nyuma ya mlima inaweza kushuka futi 500 kwa dakika, na ndege yako ya farasi 63 pengine inapanda 400. Pita upande unaopigwa na upepo, au ukilazimika kupita nyuma, vuka safu kwa mshazari wa nyuzi 45 ukiwa na futi 2,000 za ziada, ili kugeuka kuelekea bondeni kusihitaji zaidi ya robo ya mzunguko.