Sarah Jane hakualikwa, aliingia mwenyewe

Mdogo wangu alisimamisha video katikati ya sehemu ya pili. "Dada, huyu mwanamke mbona anamwandama Daktari? Si ndiye mtu mwema?"

Nikamwambia, mwema kwako wewe unayemjua. Sarah kaambiwa na nani?

Tulikuwa tunatazama The Time Warrior, hadithi ya sehemu nne ya Doctor Who, mfululizo wa televisheni kuhusu Daktari, msafiri wa wakati; BBC iliirusha kuanzia 15 Desemba 1973 hadi 5 Januari 1974. Ndiyo inayomleta Sarah Jane Smith, aliyeigizwa na Elisabeth Sladen, kushika nafasi iliyoachwa na Jo Grant, mwenzake Daktari wa safari. Mimi ni mwandishi wa habari wa redio, na Sarah naye ni mwandishi wa habari, kwa hiyo siwezi kujidai sina upande.

Kisa chenyewe ni hiki. Linx, askari wa Wasontaran, viumbe wa sayari nyingine, chombo chake cha angani kinaanguka Uingereza ya Enzi za Kati, jirani na ngome ya jambazi anayeitwa Irongron. Anahitaji mafundi wa kukitengeneza na zama zile hazina, basi anawanyakua wanasayansi wa karne ya 20 na kuwavuta nyuma hadi kwenye chumba chake cha chini ya ngome. Irongron analipwa bunduki. Huku kwetu, yaani miaka ya sabini, wanasayansi waliosalia wamekusanywa mahali pamoja chini ya ulinzi, na Sarah anapenya kwa kutumia jina la shangazi yake Lavinia, mtaalamu wa virusi. Daktari anamgundua mara moja: andiko la Lavinia analolifahamu liliandikwa Sarah akiwa mtoto wa miaka mitano. Hamfukuzi. Anamwambia anaweza kubaki, kwani atahitajika mtu wa kutengeneza kahawa.

Hapo moyo ulinichoma. Mwaka wangu wa kwanza kazini, kila asubuhi kabla ya kikao cha habari, mhariri alinisukumia birika la chai bila hata kunitazama, na wavulana tuliofika nao siku moja wamekaa na madaftari yao. Sladen anajibu maneno yale kwa uso, kidevu kikipanda kidogo tu, na mimi nikajua kabisa anafikiria nini.

Baadaye Sarah anajificha ndani ya TARDIS, chombo cha Daktari cha kusafiria katika wakati, bila kuombwa wala kuruhusiwa. Anatoka, anakuta watu wenye mapanga na kofia za chuma, anadhani ni maonyesho ya kuwafurahisha watalii. Akishaelewa yuko wapi, anapanga ushahidi wake: wanasayansi wametoweka, Daktari alikuwepo walipokuwa wakitoweka, na sasa yumo ndani ya ngome ya Irongron. Hitimisho: mwizi ni yeye. Anamshawishi Sir Edward, bwana wa ngome jirani, na anatoka na Hal mpiga mishale kwenda kumkamata Daktari!

Kakosea, lakini kakosea kwa hoja, na hilo ndilo ninaloipendea hadithi hii. Mwandishi wake, Robert Holmes, angeweza kumfanya apige kelele hadi aokolewe. Badala yake kampa akili inayofanya kazi na habari chache, halafu kampa ujasiri wa kubadili msimamo habari zaidi zinapopatikana. Wahariri wangu wazuri walinifundisha hivyohivyo.

Sehemu ya tatu inazungukazunguka, kutoka ngome hii kwenda ile na kurudi. Ila David Daker akiwa Irongron hachoshi hata dakika moja, anavyonguruma na kumwita Daktari mjanja wa miguu mirefu na pua kubwa. Nampenda pia Profesa Rubeish, ambaye uoni wake ni hafifu kiasi kwamba Linx anashindwa kumpumbaza akili kama wenzake.

Na mwisho wa sehemu ya kwanza, nilirudisha nyuma mara tatu. Linx anavua kofia yake ya chuma, duara kama chungu kilichofunikwa. Unangoja uso wa namna nyingine. Kumbe kichwa nacho ni duara vilevile, rangi ya udongo, hakina shingo, kimejaa kofia nzima. Kevin Lindsay, ndani ya sura ile, anapumua kwa taabu na ulimi unachungulia mdomoni. Mdogo wangu alivuta miguu juu ya kochi.

Sehemu ya nne Sarah anaingia jikoni kwa Irongron kutia dawa ya usingizi katika chakula cha majambazi, na akiwa humo anabishana na mpishi, mama mmoja anayeona kuwatumikia wanaume ndiyo kazi ya mwanamke. Mama yule habadiliki hata kidogo. Sarah anaendelea kukoroga.

Linx anauawa na mshale wa Hal, unaompata kisogoni, pale penye tundu moja lililo udhaifu wa Wasontaran. Ngome inalipuka. Hadithi inayofuata Sarah na Daktari wanarudi London na kukuta mitaa mitupu. Mdogo wangu anataka tuiangalie Ijumaa, nami nimeshaomba kubadilishiwa zamu.