Na mdogo naye anahesabiwa?

Jumapili jioni binti yangu aliketi mezani na fomu ya shule. Aliandika jina lake na anwani yetu, kisha kalamu ikasimama kwenye swali la idadi ya watoto waliomo nyumbani. "Mama," akaniuliza, "na mdogo naye anahesabiwa?" Mdogo wake ana miezi mitano. Nikamjibu kwamba anahesabiwa, kisha nikaenda jikoni nikasimama pale bila kufanya kitu, kwa sababu nilikuwa nimemkumbuka yule mama.

Ilikuwa Machi 2018. Machi ndio mwezi wa wafanyakazi wa ustawi wa jamii hapa Marekani, na sisi wa Massachusetts huutumia kukusanyika Boston pamoja na wanafunzi wa fani yetu, tukapanda hadi Beacon Hill, kwenye jengo la Bunge la Jimbo lenye kuba la dhahabu, ili kila mmoja azungumze na wawakilishi wa eneo lake. Mwaka ule baadhi ya wenzangu walikwenda kudai mageuzi ya sheria za jinai, kwani wakati huo mtoto wa miaka 7 aliweza kufikishwa mbele ya mahakama ya watoto katika jimbo hili. Mimi nilikwenda kwa ajili ya kikomo cha familia.

Kikomo hicho kilikuwa cha mwaka 1995. Familia iliyokwisha kuingia katika msaada wa fedha wa jimbo ikijaliwa mtoto mwingine, kwa kawaida mtoto huyo hakuongezewa chochote. Waliokitetea waliamini kwamba mama maskini huzaa ili aongezewe posho, na posho yenyewe ilikuwa kama dola 100 kwa mwezi. Watoto wapatao 8,700 waliishi chini ya kanuni hiyo: walilala ndani ya nyumba zile, wakaugua na kuuguzwa humo, lakini katika hesabu ya msaada hawakuwamo. Anayefanya kazi yetu anajua uzito wa dola 100. Kadi ya msaada wa chakula hainunui nepi, wala sabuni, wala nauli ya basi la kwenda kliniki.

Nilimwomba mama mmoja wa Lowell tufuatane. Alizaliwa Kivu ya Kusini, akaishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, kwetu Kigoma, kabla ya kuletwa Marekani, na tangu siku ya kwanza tulielewana kwa sababu nami naijua barabara ya Kasulu na vumbi lake jekundu. Mtoto wake wa tatu alizaliwa hapa. Alimbeba mgongoni kwa kitenge, akavaa koti kubwa juu yake, na ndani ya treni alinyamaza karibu njia nzima.

Mwakilishi hakuwapo ofisini. Alitupokea msaidizi wake, kijana mwenye adabu, akatukalisha kwenye meza ndogo karibu na dirisha na kufungua daftari. Mama akatoa barua ya ofisi ya msaada, iliyokunjwa mara nne hadi mikunjo ikaanza kuchanika, akainyoosha kwa kiganja cha mkono na kuisogeza mbele ya kijana. Kijana akaisoma, akaandika katika daftari lake: watoto 2.

Mama hakuwa anajua Kiingereza, ila tarakimu anazijua. Akaiangalia ile 2, kisha akaniangalia mimi. "Dada, mwambie niko na batoto batatu." Nilipokuwa bado natafuta namna ya kuanza, alivua koti, akafungua fundo la kitenge kifuani, akamzungusha mtoto mbele na kumpakata. Mtoto alikuwa usingizini, shavu moja limepata alama ya mshono wa kitenge, mguu mmoja una soksi na mwingine hauna. "Huyu hapa," akasema. "Kule Nyarugusu mtoto akizaliwa walimwandika kwa kadi. Unga ulikuwa kidogo, lakini alikuwa anaandikwa."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hoja nyingi asubuhi ile, na kwa dakika moja nilishawishika kuyapamba maneno yake, kuyaongezea takwimu, kuyafanya yafanane na karatasi tulizopewa. Niliyatafsiri kama yalivyotoka. Kijana hakusema kitu. Mtoto akaamka, akaikamata ncha ya barua kwa vidole vyake vyote vitano, na hakuna aliyemnyang'anya. Kisha kijana akaikata ile 2 kwa mstari mmoja, akaandika 3 pembeni yake.

Katika treni ya kurudi mama aliniuliza, "Yule kijana ndiye anayeamua?" Nikamweleza kwamba hapana, yeye atamweleza mwakilishi, na mwakilishi atapiga kura pamoja na wenzake, halafu itabaki saini ya gavana. Akafikiri kidogo. "Basi mbona nimemwonyesha mtoto wangu?"

Mwezi uliofuata mageuzi ya sheria za jinai yalitiwa saini, na umri wa chini wa kumfikisha mtoto mahakamani ukapanda kutoka miaka 7 hadi 12. Kikomo cha familia kilichukua muda zaidi. Bunge lilikiondoa katika bajeti ya mwaka ule, lakini Gavana Charlie Baker alitaka jambo hilo liambatane na kuhesabu fedha za ulemavu za wazazi kuwa kipato cha familia; wabunge walipokataa, aliweka kura ya turufu wakati vikao rasmi vimekwisha, na hapakuwa na namna ya kuitengua. Mwaka 2019 muswada ulirudi, turufu ikarudi, na kufikia tarehe 25 Aprili mabaraza yote mawili ya Bunge yalikuwa yameitengua. Haki ya watoto wale ikahesabiwa kuanzia Januari 1 ya mwaka huo.

Yule mama alikuwa amehamia jimbo jingine kwa kaka yake tangu vuli ya 2018, alipozidiwa na kodi ya nyumba. Hakupata hata dola moja ya kile alichokwenda kukiombea. Sijui kama nilifanya sawa kumtoa kwake katika baridi ile akaufungue umaskini wake mbele ya mtu asiyemjua, na ninajua pia kwamba ningemwomba tena.

Jioni ya kura nilimpigia simu. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Asante, dada," kisha akaniambia kwamba mtoto sasa anatembea, na akampa simu. Nilisikia pumzi zake tu, karibu sana na sikio langu, halafu kitu kikaanguka na simu ikakatika.