Sindano 135 za ORS: jinsi nilivyomvusha mwanangu kwenye kuhara

Alianza kutapika jioni. Usiku wa manane choo kikaanza, maji matupu, na kufikia alfajiri nilikuwa nimebadilisha nepi mara saba. Mwanangu alikuwa na miezi 11. Ninaandika haya kwa sababu ndani ya siku ile moja nilipewa ushauri na watu sita, na wa watano kati yao, kama ningeufuata, sijui leo ningekuwa naandika nini.

Wa kwanza alisema ni meno. Mtoto wa umri huo kila siku ana jino linalotoka, kwa hiyo ukitaka cha kusingizia hukikosi, lakini jino halileti homa ya 39 na kutapika mara nane. Wa pili akataka nisimnyonyeshe mpaka tumbo litulie. Wa tatu alinipa vidonge vya kufunga choo wanavyotumia watu wazima. Mtoto mdogo hapewi hivyo kamwe: vinaweza kuusimamisha utumbo, maji yakaendelea kujaa tumboni huku nepi ni kavu na wewe unadhani amepona. Wa nne alileta nusu chupa ya antibayotiki iliyobaki mwanawe alipougua kikohozi. Wa tano akaniambia nisimpe maji kabisa, maana akinywa ndipo anapoharisha.

Huyo wa tano ndiye aliyeniudhi kuliko wote, kwa kuwa maneno yake yanafanana na ukweli. Unampa maji, yanatoka. Mzazi aliyechoka ataamini. Lakini yale maji yangetoka hata asingekunywa, na ya kutoka yanachotwa kutoka kwenye damu yake.

Wa sita alikuwa muuguzi, asubuhi. Alimbana ngozi ya tumbo kwa vidole viwili akaiachia, ikarudi polepole. Akatazama macho, akagusa utosi, akamwonyesha kikombe. Mtoto akakirukia kwa kiu. "Mama, huyu amepungukiwa maji, ila anakunywa. Dripu haihitajiki. Kaa hapa umnyweshe." Angekuwa amelegea, amekataa kunywa, au ngozi imechukua zaidi ya sekunde mbili kurudi, asingeniambia nikae, angekimbia naye.

Sasa niseme nilivyokosea usiku, maana najua si mimi peke yangu. Pakiti yangu ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari ya glukosi wa kuchanganya na maji ya kunywa, ilikuwa ya lita moja. Nikafikiri, mtoto mdogo hivi atainywaje lita nzima? Nikaimimina yote kwenye glasi moja. Ilikuwa chungu kwa chumvi. Mchanganyiko mzito namna hiyo badala ya kumwongezea maji huyavuta kutoka mwilini kuyaleta utumboni, na chumvi kwenye damu inaweza kupanda hadi akapata degedege. Bahati aliutema. Nikachanganya upya kwa lita kamili, nikamtilia kwenye chupa ya kunyonyea. Akainywa kwa pupa hadi mwisho. Dakika nne baadaye yote yalikuwa kwenye nguo zangu. Nikarudia, ikawa vilevile. Hapo ndipo wazazi wengi husema ORS imemkataa mtoto, na mimi nilikuwa nimeshaisema.

Muuguzi akasema tumboni mwake hakujakataa ORS, kumekataa wingi. Subiri dakika kumi baada ya kutapika, halafu kijiko kimoja cha chai kila dakika moja au mbili. Kijiko kilinishinda, nusu ilimwagikia shingoni. Nikakumbuka bomba la sindano lisilo na sindano lililokuja na dawa ya homa, la mililita 5. Nilikuwa naliingiza pembeni, kati ya shavu na fizi, si juu ya ulimi, nasukuma taratibu huku nimemkalisha wima. Hakutapika tena.

Hesabu yenyewe niliipenda. Kipimo ni mililita 75 kwa kila kilo, ndani ya saa nne. Ana kilo 9, kwa hiyo 675. Ukigawa kwa 5 unapata sindano 135. Lita ambayo usiku ilinitisha ikageuka kuwa vipande vidogo vinavyohesabika. Nilichukua karatasi nikawa napiga mistari, mitano mitano, mume wangu ameshika saa. Akilia, mdomo uko wazi, tunaendelea taratibu. Akisinzia tunamwamsha kwanza, mtoto aliyelala anaweza kupaliwa. Katikati ya hapo namnyonyesha. Jambo lililonisumbua ni mkojo: choo kikiwa maji, utajuaje kama amekojoa? Nikaweka pamba safi mbele ya nepi. Kwenye mstari wa 90 na kitu, pamba ikalowa, nyuma kukiwa kukavu. Nilibubujikwa na machozi mbele za watu wala sikujali.

Kipimo cha choo kilionyesha virusi vya rota. Virusi hivi huharibu zile seli za juu za utumbo mwembamba zinazofyonza maji, ndiyo maana kila kitu kinapita. Hata hivyo kuna njia inayobaki wazi: chumvi na glukosi vikiingia pamoja kwenye ukuta wa utumbo, vinavuta maji navyo. ORS haifanyi zaidi ya hapo. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, kipindupindu kilipowaangukia wakimbizi huko Bangaon, India, na dripu hazikutosha, Dk. Dilip Mahalanabis aliwanywesha wagonjwa mchanganyiko wa aina hii, na vifo vikashuka kutoka karibu 30 katika kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4. Nawasimulia hivi wanaoniambia kwamba ORS ni "maji tu".

Antibayotiki hakupewa, kwa sababu haiui virusi. Alipewa zinki, miligramu 20 kwa siku (chini ya miezi sita ni 10), siku 10 hadi 14. Siku ya nne choo kilishika na kila mtu akaniambia niache. Sikuacha. Linaloniuma ni kwamba alikuwa amepata dozi moja tu ya chanjo ya rota, ya pili tuliikosa tukiwa safarini, na chanjo ile ina umri wake, ukipita umepita.

Siku kumi baadaye akaanza mkubwa, wa miaka minne. Na mimi kwa kuwa nilishashinda mara moja, nikatoa bomba, karatasi na saa. Nilipoteza nusu siku nzima kwa kiburi hicho. Hiki kilikuwa choo kidogo kidogo, mara nyingi, anajikamua na kulia, chenye kamasi na baadaye damu. Jirani akasema ni amiba. Mganga kwenye zahanati akasema kuhara damu kwa mtoto mara nyingi ni bakteria wa shigela, na hapo antibayotiki ina kazi, ile inayoagizwa kwa ajili hiyo, si iliyobaki kwenye kabati la mtu. Siku ya pili damu ilikwisha. Bakteria hao hata kumi tu wanatosha kumwangusha mtu, basi ukisikia nyumba yetu inanawa mikono kwa sabuni kila anayetoka chooni, usituone tumezidi. Jeli ya spiriti siitegemei, kwa norovirusi, virusi vingine vya kuhara na kutapika, haifai sana.

Mwezi uliopita wifi yangu alinipigia saa tisa usiku, mtoto wake anaharisha, watu wamemwambia ni meno.

"Kuna damu?"

"Hapana wifi, maji tu."

"Akipewa maji anakunywa? Amekojoa?"

"Anakunywa, anatapika. Amekojoa saa mbili."

"Ana kilo ngapi?"

"Nane."

Nikamwambia kukikucha ampeleke zahanati, na kwa sasa asome pakiti yake ni ya maji kiasi gani, kisha atafute bomba na karatasi. Nikaweka simu kwenye sauti ya juu, tukaanza kuhesabu: moja, mbili, tatu. Kwenye ya 60 akasema amelala, na nepi imelowa mbele.