Shimo jeusi kwa rimu ya baiskeli: toleo la 3

Toleo la 3 la kielelezo changu cha shimo jeusi, yaani kitu cha angani chenye mvuto mkali kiasi kwamba hata mwanga hauwezi kutoka, limekamilika, na linafanya kile ambacho mawili ya kwanza yalishindwa: kuwaonyesha watoto wa miaka 5 hadi 8 kwamba shimo jeusi halifyonzi vitu vilivyo mbali.

Fremu ni rimu ya inchi 26 iliyotolewa spoki, imekaa juu ya ndoo tatu na kuvishwa kitambaa: mzigo ukiwekwa katikati kinabonyea kuwa bonde, na gololi huzunguka humo kama sayari zinavyozunguka nyota. Kitambaa ni kile cha nguo za kuogelea, sm 90 kwa 90, kimekazwa kwa ukanda wa tyubu unaozama kwenye mfereji wa rimu. Vibanio vya nguo vya toleo la 1 vilifyatuka mara uzito ulipowekwa. Kitambaa cha toleo la 2 kilivutika upande mmoja tu, bonde likawa na umbo la yai na gololi zikapinda ovyo. Dukani kivute kwa urefu na kwa upana kabla ya kulipa.

Kiini cha somo ni mizigo miwili ya kilo 1 kila mmoja. Nyota ni mfuko wa mchanga, mviringo, upana sm 11 hivi. Shimo jeusi ni jiwe la mizani la chuma, upana sm 5, ndani ya soksi nyeusi ili lisichane kitambaa. Chora kwa chaki duara lililo sm 20 kutoka katikati, mtoto azungushie gololi hapo, kwanza kwa mchanga, kisha kwa jiwe. Kwenye duara mteremko haubadiliki, kwani unafuata uzito, si upana. Karibu na jiwe tu ndipo bonde linakuwa kali. Vivyo hivyo, Jua likibanwa hadi upana wa kilomita 6 lingekuwa shimo jeusi, na Dunia ingeendelea kulizunguka kwenye njia ileile, ila gizani.

Gololi itaishia katikati kila mara, na watoto watasema "limeimeza!" Hapo wasugue kiganja kwenye kitambaa wahisi kinavyokwamisha. Msuguano huo ndio unaomaliza mwendo wa gololi. Angani hakuna kitambaa.

Picha ya shimo jeusi la galaksi (kundi kubwa la nyota) ya M87, iliyotolewa tarehe 10 Aprili 2019, ionyeshwe mwisho. Ikitangulia, watoto hudhani pete ya rangi ya chungwa ndiyo shimo. Pete ni gesi ya moto inayolizunguka, na rangi iliongezwa na wanasayansi, maana darubini zilipokea mawimbi ya redio. Shimo lenyewe limo ndani ya lile giza la katikati.