Gombe kwa wikiendi: kutafuta mahali kamera iliposimama

Boti za Kibirizi kwa desturi haziendi Jumapili. Anayetaka kwenda Gombe, hifadhi ya sokwe kando ya Ziwa Tanganyika, wikiendi aanze kupanga hapo, maana hakuna barabara inayofika hifadhini. Ni maji tu. Mimi na mdogo wangu tulitoka Kigoma mjini Ijumaa asubuhi, tukapanda bajaji kilomita tatu hivi kwenda kaskazini hadi mwalo wa Kibirizi. Boti za abiria za vijiji vya Mwamgongo na Kagunga huondoka karibu na saa sita mchana, zikishajaa. Ni za mbao, mashine moja nyuma, na abiria hukaa juu ya magunia na makreti ya soda. Mwambie nahodha mapema kwamba unashukia Kasekela, ufuko wa kuingilia hifadhini, la sivyo utapitishwa. Jaketi okozi liombe kabla ya kupanda, kwa sababu upepo wa mchana ukikaza maji huanza kuruka ndani na watu hawapendi kusogeasogea. Simu na chakula vyote vilikuwa kwenye mfuko wa plastiki mzito uliofungwa mara mbili. Tulifika baada ya saa tatu na kitu. Boti ya kukodi hutumia nusu ya muda huo.

Kiingilio hakilipwi kwa fedha taslimu. Chukua namba ya malipo na ulipe ukiwa bado mjini, kwa kuwa mtandao Gombe ni wa kubahatisha. Kwa sababu hiyohiyo vipande vya video za zamani za sokwe wa Gombe, tulivyotaka kuvilinganisha na mahali penyewe, tulivipakua usiku wa Alhamisi.

Vipande hivyo ndivyo vilivyotupeleka. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe kutoka Uingereza, alishuka kwenye ufuko huu tarehe 14 Julai 1960, na Novemba mwaka huo akamwona sokwe aliyempa jina la David Greybeard akivua mchwa kwa kijiti. Hugo van Lawick, mpiga picha, alifika mwaka 1962. Ukiyaweka pamoja hayo mawili unajua jambo ambalo watazamaji wengi hulipita: picha yoyote ya video ya van Lawick inayomwonyesha Jane akiwa peke yake siku za mwanzo haikupigwa siku hizo. Filamu ya kwanza iliyotokana na kazi hiyo ilionyeshwa na televisheni ya CBS ya Marekani Desemba 1965, na sauti ya msimulizi ilikuwa ya Orson Welles. Tanzania Bara ilipata kituo cha televisheni mwaka 1994, kwa hiyo Wamarekani waliujua uso wa Flo, sokwe mama maarufu kuliko wote, karibu miaka thelathini kabla Mha wa Kigoma hajapata nafasi ya kuuona kwenye kioo. Hilo linaniuma kila nikilifikiria. Kisha mwaka 2017 ikatoka filamu ya Brett Morgen iliyotengenezwa kwa zaidi ya saa 100 za mikanda ya van Lawick ya milimita 16, iliyokuwa imekaa stoo miongo kadhaa hadi ilipoonekana tena mwaka 2014.

Jumamosi tulianza kupanda saa moja asubuhi na mwongozaji, bila yeye huruhusiwi kuingia msituni. Mahali pa kwanza ni kituo cha zamani cha kulishia sokwe, bondeni Kakombe. Hapa mdogo wangu alisimama na simu mkononi, akawa anasogea hatua moja kushoto, hatua moja nyuma, akitafuta mgongo wa kilima uliokuwa kwenye fremu. Usitafute miti, miaka sitini ni mingi kwa mti. Linganisha mstari wa vilima na anga, na mahali mto unapokatiza.

Kituo hicho ndicho kinachoeleza kwa nini wengi hurudi Gombe wamevunjika moyo. Sokwe wa kwenye mikanda ya zamani wanakaa uwanjani, kwenye mwanga, hatua chache kutoka kwenye lenzi, kwa sababu ndizi ziliwaleta pale. Ulishaji ule ulileta ugomvi kati yao na hatari ya magonjwa, ukapunguzwa na hatimaye ukakomeshwa. Leo sokwe wanakula porini na wewe ndiye unayewafuata. Huenda ikawa dakika arobaini, huenda ikawa saa tano za kupanda na kushuka miteremko inayoanzia ziwani, mita 770 na kitu juu ya usawa wa bahari, na kufika mita 1,500 juu kwenye ukingo wa bonde la ufa. Msimu wa mvua sokwe hawaendi mbali sana, lakini njia zinateleza vibaya. Kiangazi njia ni kavu na mwanga wa picha ni mzuri zaidi. Viatu viwe na meno, maji lita mbili kwa mtu.

Ukiwapata, una saa moja. Watu wasizidi sita, barakoa usoni, umbali mita kumi, na mwenye mafua anabaki chini, kwa kuwa mafua yetu yanawaua. Walio chini ya miaka 15 hawaruhusiwi. Flashi zima kabla hujaingia msituni. Simu nyingi hukosea hapa: sokwe ni mweusi, nyuma yake majani yanang'aa, na simu inapima mwanga wa majani, kwa hiyo unapata kivuli kisicho na macho. Gusa uso wa sokwe kwenye kioo, ushikilie mpaka mwanga ujifunge. Futa lenzi kila mara, jasho na unyevu huitia ukungu.

Mchana tulipanda Kilele cha Jane, ambako alikuwa akikaa na darubini. Hapa ulinganisho uligoma. Sehemu ambazo kwenye mikanda ni nyasi tupu leo zina miti, kwa sababu moto na ukataji vimezuiwa ndani ya hifadhi tangu ilipotangazwa mwaka 1968, huku vilima vya nje ya mpaka vikiwa vimenyolewa. Kilichotusaidia ni ziwa: ghuba ndogo chini, na pembe ya ufuko. Ufukweni chakula kifungiwe ndani na mlango ukomewe. Nyani wa Gombe wanajua kusukuma.

Jumapili hakuna boti ya abiria ya kurudi, na siku nyingine hupita alfajiri, saa moja hivi. Tulikuwa tumekodi boti tangu Ijumaa, bei ikapatanwa pamoja na mafuta, nusu ikilipwa mbele na nusu Kibirizi.

Mjini tulibakiwa na saa mbili za kwenda bandarini. Michael Palin aliondokea hapa kwenda Mpulungu, Zambia, kwa meli ya Liemba, katika mfululizo wa BBC ulioonyeshwa mwaka 1992 kuhusu safari yake kati ya ncha mbili za dunia. Meli hiyo ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipandevipande na kuunganishwa Kigoma. Usipange kuipanda kabla ya kuuliza bandarini. Matengenezo yameiweka nje ya safari kwa miaka mingi. Kupiga picha ndani ya bandari kunahitaji kibali, na Jumapili ofisi zimefungwa, kwa hiyo kiombe Ijumaa asubuhi kabla ya kwenda Kibirizi.