Bolti zilizokatika vichwa baada ya kupakwa zinki

Bolti za daraja la nguvu 12.9 (chuma kigumu sana) nilizopeleka kupakwa zinki kwa umeme zilikatika vichwa usiku, zimeshakazwa, hakuna aliyezigusa. Nikalaumu chuma. Nilipomulika mkatiko kwa lenzi niliona chembechembe zinazometameta, chuma hakijavutika hata kidogo. Hapo nikajua ni haidrojeni! Inazaliwa kwenye tindikali ya kusafishia na kwenye beseni la umeme, inapenya ndani ya chuma kigumu na kukifanya kikatike bila kuvutika, kisha zinki inaizibia njia ya kutoka. Siku hizi zikishapakwa tu, ndani ya muda wa saa 4, naziingiza kwenye tanuri, nyuzi 200 za Selsiasi kwa saa 8, ili haidrojeni itoke. Hakuna kichwa kilichodondoka tena. Bolti za 8.8 ni laini zaidi, hizo sizioki.