Bao, daftari la madeni na hesabu za wanangu

Wifi yangu ndiye aliyenishauri mwanzo: "Wakalishe mezani na vitabu vya mazoezi, wakariri tebo mpaka ya kumi na mbili." Kama elfu sitini hivi ikaenda kwa vitabu vya rangi, kikavunwa kilio. Mkubwa, miaka 8, alikariri saba mara nane hamsini na sita, ila muulize mafungu saba ya nyanya nane nane ni nyanya ngapi, anakutolea macho. Mdogo wake wa miaka 6 alizipaka rangi ndizi za kuhesabu. Alipaka vizuri, lakini.

Nikamwomba babu yao bao lake. Jirani akacheka: watoto wa kike na bao la wazee wa barazani? Acha acheke.

Tulianza na bao la kitoto, kete 64 kwenye mashimo 32, kila shimo mbili. Kupanga tu ni hesabu, kwa sababu ikikosekana moja mdogo hakubali kuanza mpaka mkeka uinuliwe. Nikaweka sheria: hugusi kete mpaka utaje ya mwisho itaangukia wapi. Mwanzoni walihesabu kwa kidole, shimo kwa shimo, usingizi ukanichukua. Halafu siku moja dada mtu akakuta shimo lenye kete 18. Akakunja uso, mikono mapajani.

"Mama, si upande wangu una mashimo kumi na sita? Basi kumi na sita zinanirudisha hapahapa. Zinabaki mbili. Itaishia lile!"

Akachota, akatia moja moja, ya mwisho ikatua palepale. Nilimwita baba yao kutoka bafuni aje aone. Alitoka na povu.

Na vitabu? Vipo. Kilichowanoga zaidi ni daftari la madeni. Wana duka la maboksi matupu, pesa ni vizibo vya soda vilivyoandikwa 50, 100, 200 na 500, na ukutani mkubwa amebandika "Kukopa harusi, kulipa matanga". Mimi ni mteja mkorofi: nachukua sabuni ya 700, nalipa 500, nakopa inayobaki, kesho narudi kubisha deni. Ndipo wanapofungua daftari na kunijumlishia kwa sauti, mbele ya wageni. Ukitaka mtoto akope kumi kwenye kutoa, mdai chenji ukiwa na haraka. Hadithi za usiku nazo hatufungui kitabu bila kujua kurasa ngapi zimebaki.

Wifi alikuja juzi, akacheza bao na mdogo, akafungwa. Hakusema kitu kuhusu tebo.

Kugawanya kwenye baki ndiko bado kunatusumbua. Nimejaribu karanga, lakini baki linaliwa kabla halijaandikwa.